Sauti Chini ya Cherehani

Bi Sindano alibonyeza kitufe cha kusasisha, akaenda kuosha vikombe. Aliporudi, blogu ilikuwa imevaa nguo mpya. Maandishi yalikuwa makubwa kama alivyotaka, yasiyomlazimisha mtu mzima kukunja uso mbele ya simu, na juu kulikuwa na rangi ya majani mabichi. Akatabasamu. Kisha akabofya palipoandikwa "Msikilize Fundi".

Kimya. Akabofya tena. Kimya kilekile.

Fundi ni mume wake. Alitengeneza redio maisha yake yote, na mikono ilipochoka wakafungua blogu ya kufundisha kazi hiyo. Hawakutaka blogu yao ipange kwenye kompyuta za watu. Waliiweka kwenye kompyuta yao wenyewe, kuukuu, iliyokaa sakafuni chini ya meza ya cherehani ikinguruma mchana na usiku. Mke aliandika na kuitunza, mume alizungumza. Alirekodi masomo kwa simu yake, kwa sauti nzito yenye vicheko katikati. Kisha ukaja uvimbe wa koo, ikaja operesheni, na Fundi akarudi nyumbani mzima lakini bila sauti. Simu ile nayo ilikwisha kufa. Sauti yake ilibaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya kompyuta hiyo.

Bi Sindano akampigia Kitinda, binti yao wa mwisho, aliyefanya kazi ya kompyuta upande wa pili wa mji.

"Mama, si una nakala? Kila wiki unanitambia nakala zako."

"Ninayo, nimeifungua. Maandishi yapo, picha zipo. Sauti hamna hata moja."

"Baba alikuwa anaziweka wapi?"

"Nitajuaje? Anaziingiza mwenyewe, hataki kusaidiwa. Humjui baba yako?"

Kitinda akamwambia asome anwani ya faili mojawapo. Akasoma, herufi kwa herufi.

"Ameziweka kwenye folda ya themu," Kitinda akasema. "Humo mna mavazi ya blogu tu, rangi na ukubwa wa maandishi. Ukisasisha, folda nzima inafutwa, inaletwa mpya. Na nakala yako haipiti humo, maana hakuna mtu anayeweka vitu vyake humo."

"Baba yako ameweka."

"Baba ameweka."

Bi Sindano akakumbuka. Siku walipobadilisha picha ya juu, ni yeye aliyemwonyesha mumewe folda ile. Mzee akaikariri njia hiyo moja, akaishika kama mtu anayejua njia moja tu ya kwenda sokoni.

"Sasa sikiliza, Mama. Faili likifutwa haliondoki palepale. Linafutwa jina, mwili unabaki kwenye diski mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Na kila msomaji akiingia, kompyuta inaandika kwamba ameingia."

Bi Sindano akatazama idadi ya wageni. Jana aliwatangazia wasomaji: njooni kesho mwone sura mpya. Nao, watu wa watu, walikuwa wanakuja. Siku nyingine kila mgeni angemfurahisha. Leo kila mmoja aliingia kwa moyo mweupe, na huenda alikuwa anamkanyaga Fundi kooni.

"Niizime?"

"Usiizime kistaarabu, inaandika mengi ikijifunga. Chomoa waya. Nakuja, na asiiguse mtu."

Akapiga magoti, akachomoa. Ule mngurumo ukafa.

Fundi alikuwa kliniki. Bi Sindano akatoka uani kuanua nguo, maana mikono ilitaka kazi. Uongo ulimjia mapema, tena umepigwa pasi: umeme ulikatika, diski ni ya zamani, vitu vizee hufa. Nani angemuuliza zaidi? Alikuwa anakunja shuka pale aliposikia mngurumo ndani ya nyumba.

Fundi alikuwa amerudi. Siku hizi hakupiga hodi, aliingia kama paka. Akauona waya sakafuni, akadhani mkewe ameupiga teke akishona, kama ilivyotokea mara nyingi. Na kama mara zote, aliurudisha bila kumwambia mtu. Hakuwahi kumlaumu hata siku moja kwa waya ule.

Bi Sindano akakimbia, akapitisha mkono begani kwa mumewe, akachomoa. Lakini mashine ilikuwa imeshaamka. Kwa muda gani, hakujua.

Fundi, bado amepiga magoti, akatoa simu, akaandika: *Kuna nini, mama watoto?*

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Akaliona vumbi kwenye magoti ya suruali ya kliniki ya mumewe.

"Nimefuta sauti yako," akasema. Akamweleza yote, mpaka ule waya.

Fundi akaandika, akafuta, akaandika. *Kumbe umenifuta.* Akamtazama usoni, akaongeza: *Miaka yote ulitaka ninyamaze.*

Bi Sindano akacheka, kicheko kikakatikia kwenye machozi. Fundi hakucheka. Aliweka kiganja juu ya kompyuta, bado ina joto, akakiacha hapo. Mzaha ulikuwa wa kumtuliza mke; mkono ulikuwa wake mwenyewe.

Kitinda alifika, akaitoa diski, akaiunganisha na kompyuta yake kwa kebo ili isomwe tu, isiandikwe. Wakakaa watatu mbele ya kioo cha kompyuta. Mafaili yalitokea bila majina. La kwanza likakwaruza tu. La pili halikufunguka.

"Nani aliiwasha tena?" Kitinda akauliza.

Fundi akanyanyua kidole, akajionyesha. Bi Sindano akakishika kidole kile, akakishusha.

"Mimi ndiye niliyefuta. Wewe tafuta, mwanangu."

Likaja jingine. Mkwaruzo, kisha: "…usiogope moshi kidogo, mwanafunzi wangu. Ogopa mkono wenye haraka." Na kile kicheko. Fundi akafumba macho. Wakasikiliza mpaka somo likaisha.

Karibu nusu zilirudi. Kitinda alijaribu tena, na tena, mwisho akaegemea kiti.

"Nyingine zimeshaandikiwa juu, Baba. Hazirudi."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Kisha akavuta simu, akaandika kwa muda mrefu, vidole viwili vikitafuta herufi. Lilikuwa somo la kusafisha kitufe cha sauti kilichoshika kutu, mojawapo ya yaliyopotea. Akampa mkewe. Chini kabisa aliandika: *Soma wewe.*

Kitinda akawasha kinasa sauti. Bi Sindano akakohoa, akasoma mistari miwili. Fundi akanyanyua mkono kumsimamisha, akatikisa kichwa, akaichukua simu.

*Unakimbia. Anza upya.*

"Haya, mwalimu," akasema Bi Sindano, akaanza upya, taratibu.