Pigo la Kumi na Mbili

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, walisema wahenga, na inaonekana wahenga hawakuwahi kupiga kengele. Anayetaka kengele iseme husimama, hunyooka mpaka visigino viache sakafu, ndipo aivute kamba hadi kiunoni. Baba alifanya hivyo miaka thelathini na mmoja, kila Jumapili, mapigo kumi na mawili, na kila pigo lilikuwa na sala yake ya maneno machache. Hakufundishwa na mtu. "Kwa walioamka," alisema akivuta la kwanza. "Kwa walioshindwa kuamka," la pili. Waliofiwa walikuwa na lao, wafungwa lao, wenye njaa lao. La kumi na moja lilikuwa "Kwa kaka yangu." La mwisho, "Na kwa mpiga kengele."

Kisha kiharusi kikamwangusha jikoni, kikombe mkononi. Kilimlegeza upande mzima wa kulia na kumwibia maneno karibu yote. Akitaka maji alisema "kiatu". Akiletewa kiatu alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, kisha machozi yakamtoka pande zote mbili.

Binti yake alikuwa mwalimu wa michezo katika shule ya wasichana. Mtaani walimwita Filimbi, maana filimbi ilimkaa shingoni hata sokoni. Mtaalamu wa viungo wa hospitali alimwelekeza: msimamishe, mpe shuka iliyosokotwa avute, mhesabie. Filimbi akahesabu. "Moja, baba. Mbili." Baba alimtazama kama mtu anayesikia lugha ya wageni. Asubuhi ya nne alikuwa amechoka kusema; akashika tu ncha yake ya shuka, kimya. Baba akavuta.

"Kwa walioamka," akasema, wazi kabisa, kwa sauti yake ya zamani.

Filimbi alikaa chini.

Tangu siku hiyo hawakuhesabu tena. Alifunga kapi kwenye boriti ya sebule, akapitisha kamba. Upande mmoja ndoo ya mchanga, upande mwingine baba. Asubuhi na jioni ndoo ilipanda na kushuka, na nyumba ikasali. Mwezi wa kwanza baba aliishia pigo la nne. Mwezi wa tatu alimaliza kumi na mawili, shati limelowa mgongo mzima, akainua kidole kuelekea dirishani, mnara wa kanisa ulikoonekana. Hakuhitaji neno. Alitaka kengele yake.

Baba Mkubwa, kaka yake baba na mzee wa kanisa, alipoiona ile ndoo alisimama mlangoni bila kuvua kofia.

"Ndiyo nini hii? Mmechimba kisima?"

"Shikamoo, Baba Mkubwa. Mazoezi hayo."

"Marahaba. Nasikia anaomba hapo. Siku hizi watu wanaombea ndoo?"

"Anaomba akivuta. Ndivyo alivyoomba siku zote."

"Sala ina adabu zake, mwanangu. Mtu hufumba macho, akatulia. Wewe umeigeuza kwata. Bado tu kumpulizia Roho Mtakatifu filimbi!"

"Kwani kupiga magoti si mazoezi? Wewe ukiinuka pale mbele, magoti yanalia mpaka kwaya inapoteza sauti."

Baba alicheka hadi akaing'ang'ania kamba asianguke. Baba Mkubwa hakucheka.

"Akifia kwenye hiyo kamba, utanijibu," alisema, akaenda zake.

Mchungaji alitoa ruhusa. Jumapili iliyofuata Filimbi alimfunga baba vifungo vya shati jeupe, akamwongoza polepole hadi kwenye chumba kidogo chini ya mnara. Akasimama nyuma yake, mikono wazi, kama anavyowalinda wasichana wanaojifunza kupinduka. Pigo la kwanza likaitikia juu, na madirisha ya mtaa yakaanza kufunguka. Watu walijua ni nani anavuta.

Kwenye la nane pumzi ya baba ilikuwa kama msumeno kwenye mbao mbichi. Kwenye la tisa aliyumba.

"Inatosha, baba. Pumzika."

Akatikisa kichwa. Filimbi aliutazama ule mkono dhaifu. Hata mtoto angeweza kuinyang'anya ile kamba. Hakuinyang'anya. La kumi likalia.

"Kwa kaka yangu," baba akasema, akavuta la kumi na moja kwa uzito wa mwili wake wote. Kamba ikapanda, yeye akashuka.

Filimbi alimdaka. Hilo aliliweza.

Daktari alisema moyo ule ungeweza kusimama hata kitandani. Ungeweza. Neno hilo Filimbi alilitafuna siku tatu, halikumezeka. Sebuleni waombolezaji walikaa wakiizunguka ndoo. Hakuna aliyethubutu kuiondoa.

Siku ya mazishi kanisa lilijaa hadi ngazini. Baba Mkubwa akasimama kando ya jeneza.

"Ukoo umekaa," alisema. "Kabla hatujamsitiri ndugu yetu, binti yake atakuja hapa apige magoti, amwombe Mungu radhi, atuombe na sisi. Alichezea sala. Alimvutisha mgonjwa kama punda."

Mchungaji aliangalia viatu vyake.

"Njoo, mwanangu. Neno moja tu. Sema, nisameheni."

Filimbi akainuka. Watu walimpisha aende mbele. Yeye akaenda nyuma, kwenye kile chumba chini ya mnara. Kamba ilining'inia pale baba alipoiachia, imeng'arishwa na viganja vyake. Akanyooka mpaka visigino vikaacha sakafu.

"Na kwa mpiga kengele," akasema, akavuta.

Pigo moja. Lilikaa hewani hadi mtu mmoja kwenye benchi za nyuma akaangua kilio. Filimbi akarudi, akasimama mlangoni.

"Hilo lilikuwa lake, hakulifikia. La kumi na moja alikupigia wewe, Baba Mkubwa. Kila Jumapili, miaka yote hiyo, na Jumapili ile. Kama unatafuta lililommaliza, ni hilo."

Baba Mkubwa alishika ukingo wa jeneza.

"Nilimwona anachoka, nikamwacha avute," Filimbi alisema. "Nitamlilia mpaka na mimi nibebwe. Lakini magoti sipigi, na radhi siombi."