Wiki Tatu za Uchangamfu

Fundi makochi hakuwa mtu mbaya, ila ulimi wake haukuwa na breki. Mdogo wake wa kike, aliyemshonea vitambaa vya makochi, alikuwa na kifafa tangu utotoni, na akianguka kaka mtu alijua la kufanya: kumlaza ubavu, kumlegezea nguo, kuangalia saa. Kuanguka alikuelewa. Uchovu ndio uliomshinda.

Binti ana miezi hajaanguka, vidonge anameza asubuhi na jioni, sasa mbona ikifika saa nne anasinzia juu ya cherehani?

"Nimelala usiku kucha, kaka, lakini mwili hautaki. Hata roho yenyewe nzito."

"Uzito wa nini? Umebeba magunia?"

Akambandika jina, Bi Mto. Wateja walicheka, naye akacheka nao. Angefanya nini?

Mara binti akabadilika. Akawa anafika wa kwanza, anashona huku anaimba, kazi ya siku mbili anaimaliza kwa siku moja. Fundi akavimba kichwa.

"Mnaona?" aliwatambia wateja. "Uvivu dawa yake kusemwa tu!"

Wiki ya tatu binti alianguka katikati ya makochi, na kabla hajajitambua vizuri akaanguka tena. Hospitalini muuguzi alimuuliza mara ya mwisho kumeza dawa ilikuwa lini.

"Niliacha, wiki tatu sasa," alijibu kwa shida, ulimi ameuuma. "Zinanilaza. Halafu kaka alifurahi mno, nikashindwa kuzirudia."

Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini haya hayakungoja ukoo ukue. Fundi alitoka nje, akajiinamia ukutani, akalia mtu mzima mbele za watu.

Sasa dawa zimerudi, na usingizi umerudi nazo. Fundi ametenga kochi pana la kijani, hamuuzii mtu.

"Nenda kajinyooshe, mdogo wangu. Kazi haikimbii."

"Mimi mzima, kaka. Wala sina usingizi."

Amembembeleza, amemwomba radhi mara ngapi sijui, jibu ni hilohilo, tena kwa tabasamu. Na akidhani haangaliwi, binti hujichoma kidole gumba kwa sindano, kidogo tu, macho yafunguke.

Fundi anamwona. Angemkemea aache, lakini kukemewa ndiko kulikomfikisha hapo.