Ndoo ya Gladness

Mimi si jini. Nasema mapema kwa sababu bweni zima la Kidato cha Nne lilikuwa likiniita hivyo, eti kwa macho yangu makubwa na kwa kuwa nikikasirika nanyamaza. Aliyenipachika jina hilo ni Gladness, msichana wa Tarakea mwenye mdomo usiojua likizo.

Wiki moja kabla ya mahafali tulionyeshwa bwaloni filamu ya zamani ya kutisha. Binti anaonewa na wenzake, wanamchagua kwa hila awe malkia wa sherehe, kisha wanammwagia ndoo ya damu jukwaani. Hapo umeme ukakatika. Wenzangu wakaenda kulala wakicheka. Mimi mwisho wake niliujua, maana kaka yangu Yassin aliwahi kunionyesha nyumbani: yule binti anawateketeza wote kwa kuwatazama tu. Kesho yake Gladness akanipendekeza niwe malkia wa mahafali. Nikapita bila kupingwa.

Mjinga gani asingeelewa? Ningeweza kusema naumwa tumbo. Lakini mama yangu, fundi cherehani wa Shirimatunda, alikuwa ameshanishonea gauni jeupe na kuwaalika shangazi zangu wote. Miaka minne hajawahi kusikia nikitajwa shuleni kwa jambo jema. Najisi ya damu ningeiosha na kuisahau, lakini kudhalilishwa mbele ya mama nisingeweza kuvumilia. Basi nikaanza mazoezi ya macho, kama yule binti wa filamu. Nilikikodolea kijiko macho mpaka machozi yakanitoka. Kijiko kilitulia tu mezani.

Asubuhi ya mahafali mbuzi walichinjwa nyuma ya jiko. Gladness, kama nilivyokuja kujua baadaye, alijipitisha pale akaondoka na damu yote, akaificha nyuma ya pazia la jukwaa. Rafiki yake Mektrida ndiye angeimwaga nikishavikwa taji. Walifikiria kila kitu isipokuwa wazee wa Kichagga. Kwao damu ya mbuzi haipotei hivihivi. Ni ya kisusio, ule mchuzi wa damu, na mzee akiukosa, kwake sherehe haikuwepo.

Jina langu likatajwa. Mama akapiga kigelegele hadi mgeni rasmi akageuka. Taji la karatasi likatua kichwani. Nikafumba macho. Niliogopa sana, sina haja ya kujikweza.

Pazia likafunguka. Mektrida alikwishatimka, akatokea mzee mwenye kofia ya pama, ndoo mkononi, na wazee wenzake nyuma yake.

"Samahani mgeni rasmi," akasema. "Damu yetu tunaitafuta tangu asubuhi. Hii ndoo ni ya nani?"

Bwenini kila ndoo imeandikwa jina la mwenyewe kwa rangi, la sivyo utaoga kwa kikombe. Mzee akavaa miwani, akasoma kwa sauti.

"Gladness Eliona." Uso ukamchanua. Mzee Eliona ni yeye mwenyewe, babu yake Gladness. "Mjukuu wangu. Vijana wa siku hizi damu wanaimwaga, huyu kaihifadhi, katia na chumvi isigande. Njoo hapa, mama."

Gladness akapanda jukwaani akishangiliwa, uso umempauka.

Wakati wa chakula, bakuli la kwanza la kisusio likawekwa mbele yake, meza kuu, kwa heshima. Gladness, ambaye hata maini hali. Babu hakumwondolea macho mpaka bakuli likaisha. Nilicheka hadi mbavu zikauma, na radhi siombi.

Baadaye nikamkuta bombani anasukutua mdomo.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nilijua."

"Sasa ulipanda kwa nini?"

"Mama yangu alikaa mstari wa mbele."

Akafunga bomba. "Babu naye," akasema. "Ndiyo maana nimemaliza lile bakuli."

Bado nilikuwa namchukia, ila si kama asubuhi. Mara tukamwona Mzee Eliona anakuja upande wetu, taratibu asimwage, na bakuli la pili.

"Shikamoo babu," nikasema.

"Marahaba. Nimemwekea mchuzi wa chini ya sufuria, wenye nyama."

Gladness akameza mate, akalipokea kwa mikono miwili, akatabasamu. Nikachomoa kitambaa changu nikamfunga shingoni, gauni lake lisichafuke.