Afadhali Kufa Kuliko Kuhama

Kokugonza aliapa kwa Biblia, akasimama mbele ya hakimu pale Muleba, tayari kueleza jinsi mumewe alivyokuwa siku zake za mwisho. Kumbe hakimu alitaka neno moja tu.

"Mama, marehemu alisema afadhali afe kuliko kuhama. Alisema au hakusema?"

"Mheshimiwa, asubuhi ile alikuwa amefukia ndizi…"

"Alisema au hakusema?"

"Alisema."

"Ahsante. Kaa."

Akakaa kwa hasira. Protase alikutwa amekufa maji kisimani, bondeni kule Buganguzi, siku chache baada ya kutangaziwa mkutanoni kwamba watahamishiwa kijiji cha ujamaa Kimwani. Kabla nguo za maiti hazijakauka, watu walishakata shauri: amejitosa. Akazikwa pembeni mwa kibanja chake, migombani, bila padre wala matanga, kama wazikwavyo waliojiua. Tangu hapo Kokugonza alikuwa akiisubiri siku hii ya kusikilizwa.

Hakimu alipotoka kupumzika, Kokugonza alimfuata Gamaliel uani. Huyu ndiye jirani aliyewapelekea polisi maneno ya Protase.

"Shemeji, umenifanyia nini?"

"Niliulizwa, nikajibu."

"Na wewe mwenyewe, siku ile mkutanoni, ulisema nini?"

Gamaliel aliinamisha kichwa. "Kila mtu alisema hivyo."

"Kila mtu! Mbona nyote mko hai? Mbona hukuwaambia?"

"Hawakuniuliza."

"Basi rudi ukawaambie!"

"Katibu wa chama amekaa mle ndani, shemeji," alinong'ona. "Nisimame mbele yake niseme nami nilikataa kuhama? Nina watoto."

"Protase hakuwa na watoto?"

Gamaliel akarudi ndani.

Shauri lilipoendelea, Kokugonza aliinuka bila kuitwa. "Mheshimiwa, mtu anayetaka kufa hafukii ndizi shimoni ziive, kisha akamwalika jirani aje wakamue pombe ya rubisi! Kisima kile kina utelezi, mvua ilikuwa imenyesha. Muulize Gamaliel!"

"Mama, ushahidi wako umekwisha."

Hata hivyo hakimu alimgeukia Gamaliel. Yule bwana akasimama.

"Ni kweli, alinialika tukamue."

"Kuna lingine?"

Gamaliel akamtupia jicho katibu. "Hakuna."

Uamuzi ukasomwa: Protase alikufa maji. Kama alijitosa au aliteleza, haikuthibitika.

Nje, katekista Nathanael alimpa pole. "Nitamfikishia padre ombi lako la kumzika parokiani, mama. Ila ataniuliza, je, aliteleza?"

"Si umesikia? Haikuthibitika kwamba alijiua!"

"Wala haikuthibitika kwamba aliteleza."

Kokugonza alijishika kichwa. Angemrukia nani? Hakimu alishapanda gari lake kurudi Bukoba.

Padre alikubali kumsomea Protase misa, lakini maiti kuhamishiwa makaburi ya parokia alikataa. Kiangazi kilipofika, lori likaja likawabeba, kaburi likabaki migombani. Kimwani, kiwanja cha Kokugonza kilipakana na cha Gamaliel.

Kila asubuhi Gamaliel alimwamkia kwa unyenyekevu, akamletea kuni, hata akamsaidia kuezeka nyumba. Kokugonza alipokea, akashukuru. Lakini kila alipomwona akiwa peke yake, alimuuliza lilelile: "Lini utakwenda kusema?"

Naye Gamaliel alimjibu, "Shemeji, sasa nani ataniuliza?"