Viti Vinne vya Kwenda Milima ya Alpi

Jumamosi ya kwanza ya Februari 1996, saa tatu na dakika kumi asubuhi, gari la waya lilisimama kwenye roshani ya ghorofa ya kumi na nne huko Scarborough, Kanada, na Sabine ikambidi aanue haraka suruali za mwanawe zilizokuwa zimeganda kama mbao. Gari lilikuwa jekundu, lina vioo pande zote na viti vinne. Mhudumu wake, mzee mwenye kofia ya kijani, aliomba tiketi akazikagua moja moja.

"Mko watatu," alisema kwa Kifaransa. "Tiketi ni ya familia. Wakubwa wawili, watoto wawili."

"Wa nne hajafika bado," alisema Eustache, mume wa Sabine.

Walikuwa wameshinda bahati nasibu ya parokia. Zawadi ya kwanza ilikuwa likizo ya kupanda magari ya waya kwenye milima ya Alpi, na ya pili ilikuwa pasi ya umeme. Kwa akili zao wangeiomba pasi. Hati zao za kusafiria zilikuwa hazijatoka, na mkimbizi anayetoka Kanada bila hati asijidanganye kwamba atarudi. Eustache aliieleza hivyo kampuni ya utalii. Kampuni ikajibu baada ya siku tatu kwamba zawadi haifutwi, na kwa kuwa washindi hawawezi kuifuata milima, waya utavutwa mpaka kwao, kila Jumamosi kwa wiki saba. Ukavutwa. Hiyo ndiyo barua pekee waliyojibiwa kwa wakati tangu waingie nchi hiyo.

Wa nne alikuwa Aurore, binti yao. Vita vya Oktoba 1993 vilimkuta kwa mama yake mdogo, upande wa pili wa Bujumbura, akiwa na miaka mitano. Mama mdogo alikimbia naye hadi Kigoma. Wazazi na kaka yake Darius walitokea njia nyingine.

Fomu ya kumwita Aurore iliandikwa na Mzee Jovito, Mgoa wa Nairobi, karani mstaafu wa miaka arobaini kazini. Kila Jumapili baada ya misa aliketi kwenye ukumbi wa kanisa na kuwajazia watu fomu bure, kwa kalamu yake mwenyewe. Kwenye nafasi ya mtoto aliandika Aurore Ntirampeba, maana Ntirampeba ndilo jina la Eustache, na kwa Wagoa jina la baba hufunika nyumba nzima. Kwa Warundi kila mtoto hupewa la kwake. La Aurore lilikuwa Nduwimana.

Eustache aliliona kosa pale pale. Lakini Jovito alikuwa na umri wa baba yake, alikataa hata soda, na nyuma yao kulikuwa na foleni. Kumsahihisha mzee mbele za watu ni kukosa adabu. Akasema asante.

Ofisi ya uhamiaji ilijibu baada ya miezi kumi na minne. Aurore Ntirampeba yumo kwenye fomu lakini hana cheti cha kuzaliwa. Aurore Nduwimana ana cheti lakini hayumo kwenye fomu. Hao ni watoto wawili tofauti, na hakuna kati yao anayestahili viza.

Gari lilipita juu ya barabara kuu, likavuka ziwa, likaingia kwenye wingu refu, na lilipotoka huko vilele vya Alpi vilikuwa vimesimama mbele yao. Katikati ya waya gari jingine lilikuwa linateremka. Ndani walikaa Aurore na Aurore. Wote wawili walikuwa na pengo la jino na kovu la kidevuni, wote wamevaa gauni la kitenge cha njano. Mmoja alishika cheti cha kuzaliwa. Mwingine hakushika kitu. Walionekana kwa sekunde tisa.

Sabine hakushangaa, kwani ofisi ilishasema ni wawili. Kilichomuuma ni kwamba hawakuwa na sweta.

"Simamisha," alimwambia mhudumu.

"Katikati hatusimami, mama. Nyinyi mkiwa juu, wao wako chini, kwenye roshani yenu. Dakika nne. Mlango unafunguliwa kwa nje, ni komeo tu."

"Basi wiki ijayo mmoja wetu atabaki."

"Abiria wa nyumbani akipungua, gari haling'oki. Ndiyo masharti."

Huko juu walipewa chokoleti ya moto. Darius, aliyekuwa na miaka kumi, aliuliza kwa Kiingereza dada yake ni yupi.

"Wote," alisema Sabine. "Kunywa."

Jumamosi ya pili aliacha sweta kwenye ukingo wa roshani, karibu na kidirisha cha gari. Waliporudi halikuwepo. Ya tatu waliwaona wamelivaa pamoja, kila mmoja mkono wake mmoja. Usiku ule ule Sabine alianza kufuma la pili, na machozi yakamharibia hesabu ya vifundo mara kadhaa. Eustache naye aliandikia ofisi ukweli wote: kosa la jina, gari, watoto wawili, sekunde tisa. Hakujibiwa.

Ilipobaki safari moja, Sabine alimfuata Jovito ukumbini.

"Mzee, nakuomba Jumamosi ukae kwangu. Gari likifika, ufungue komeo. Ni hilo tu."

"Kosa ilikuwa yangu, binti yangu," alisema Jovito, na machozi yakamlengalenga. "Nitakuja na kalamu."

"Kalamu iache nyumbani, mzee."

"Nitakuja, nitakuja."

Jumamosi ya saba, watoto walipopita, Sabine aliwaonyesha chini kwa kidole, kisha akafanya kwa mkono alama ya kufungua komeo. Wote wawili waliitikia kwa kichwa. Hakugusa chokoleti. Akilini alipanga nani atalala upande gani wa kitanda.

Waliporudi walimkuta Jovito mezani, na koti lake mwilini. Vikombe viwili vya chai vilikuwa vimepoa, vimejaa.

"Wako wapi?" aliuliza Sabine.

"Walifika. Watoto wazuri, wana heshima. Nikawauliza majina, niandike nani anaingia. Nyumba ya watu, lazima iandikwe. Mmoja akasema Nduwimana, mwingine akasema Ntirampeba. Nikaona hapa ndiyo ile taabu yetu ya zamani. Nikaanza kuandika maelezo, safari hii nisikosee." Alisukuma karatasi mbele. "Dakika nne ni kidogo sana, Mama Darius."

Mwandiko ulikuwa mzuri mno. Ilibaki sahihi tu.

Eustache alimshukuru mzee kwa kupoteza Jumamosi yake. Sabine aliwachukia wote wawili, huyu kwa kuandika na yule kwa kushukuru. Akamwaga chai kwenye sinki, akaosha vikombe.

Jumatatu waya uliondolewa. Jovito alitia sahihi maelezo yake akayapeleka ofisini yeye mwenyewe, na mwezi wa Agosti jibu likaja. Ofisi sasa inakubali kwamba wapo wasichana wawili, wa wazazi wale wale, wa tarehe moja ya kuzaliwa, walioshuhudiwa na karani mwenye uzoefu. Kwa hiyo ni mapacha. Hata hivyo, kwa mujibu wa kitabu cha ofisi, mapacha wa Burundi huitwa Bukuru na Butoyi, na hawa hawaitwi hivyo. Kuna shaka. Faili limefungwa. Familia inaruhusiwa kuanza upya, kila mtoto na fomu yake.

Jumapili Eustache alipanga foleni ukumbini akiwa na fomu mbili.

Sabine hakwenda misa. Aliketi kwenye roshani, pale ukingo ulipopindwa na waya, akafuma. Kipimo alikichukua kwenye sweta la Darius la miaka minane, akaongeza vidole viwili, kwa kuwa watakuwa wamekua. Hadi jioni alikuwa amemaliza mikono minne.