Kilo Tisa za Chaga

Mimi ni karani wa mizani. Kwa miaka kumi na minne nimesimama kwenye mlango wa ghala la nafaka, na hakuna gunia lililonipita bila kuniambia uzito wake. Madereva na wapagazi wote wananiita Mama Mizani, wengine kwa heshima, wengine kwa sababu ya umbo langu. Sijali. Niliyemjali ni mmoja tu, dada yangu, na dada yangu alikuwa anakufa polepole akingoja mimi nipungue.

Niseme wazi, maana sipendi hadithi za kuzungukazunguka. Figo za dada zilikufa miaka miwili iliyopita. Mara tatu kwa wiki alikwenda hospitali kufungwa kwenye mashine ya kusafisha damu, saa nne kila safari, akarudi nyumbani ana rangi ya jivu. Tulipimwa, ikaonekana figo yangu inamfaa kabisa. Furaha yetu haikumaliza hata siku moja. Daktari wa upasuaji alinipandisha kwenye mizani yake, akaniangalia juu hadi chini, akasema, "Kilo mia na nane. Nikikupasua hivi nitakuua wewe kabla sijamponya yeye. Shuka mpaka tisini, halafu rudi."

Dada alicheka kwenye korido. "Umesikia, mdogo wangu? Roho yangu imekaa kwenye kiuno chako."

Nilicheka naye, lakini nilikuwa nimeshamkumbuka mama. Mama yetu aliingia chumba cha upasuaji kwa miguu yake mwenyewe, kwa uvimbe mdogo wa kama limau. Hakutaka kwenda. Dada ndiye aliyembembeleza wiki nzima, mama akakubali, akavua bangili zake akanipa nimshikie. Akatoka amefunikwa shuka. Bangili ninazo mpaka leo, sijazivaa. Tangu siku hiyo nikinusa dawa ya hospitali magoti yananilegea, na mtu akitaja kisu mbele yangu naona lile shuka.

Basi nikaanza kupungua. Mara ya kwanza ilinichukua miezi saba, nikafika tisini na tatu. Daktari akafurahi, akanipangia tarehe ya vipimo vya mwisho, wiki tatu mbele. Katika wiki hizo tatu nilikula. Nilikula nimesimama jikoni, nilikula nikiwa njiani, nilikula mkate na siagi bafuni mlango umefungwa. Tarehe ilipofika nilisoma mia na moja. Mara ya pili niliteremka mpaka tisini na moja, kilo moja tu imebaki, tarehe ikapangwa, nikapanda tena mpaka tisini na saba. Muuguzi wa mizani aliita namba ile kwa sauti kama anaita abiria, na benchi zima likageuka kunitazama. Dada alikuwa kwenye benchi hilo.

Hakunisema. Afadhali angenisema.

Nililia wiki tatu na kula wiki tatu, kama mtu anayejiaga. Kisha Jumatatu moja nikajikaza kisabuni nikaanza mara ya tatu. Niliapa sitakanyaga mizani ya hospitali mpaka nijue nimefika. Nitajipima kazini, kwenye mizani yangu mwenyewe, asubuhi kabla ya malori, na hakuna muuguzi atakayenitangaza.

Mizani yetu ni ya zamani, jukwaa la chuma na mkono mrefu wenye jiwe la kusogeza. Juu ya jukwaa inakaa chaga, kile kitanda cha mbao cha kupangia magunia. Chaga haitoki pale, bila hiyo mzigo unateleza, na yenyewe ina kilo tisa. Kwa hiyo kila mzigo nasoma, natoa tisa, naandika. Nimetamka "toa tisa" mara nyingi kuliko nilivyotamka jina la mume wangu.

Siku ya kwanza nilipanda, nikasogeza jiwe, nikasoma mia na kumi na mbili. Sikushangaa, nilijua nilivyokula. Nikaandika kwenye daftari.

Miezi tisa nilikwenda hivyo. Kazini nilikwenda kwa miguu, dakika hamsini kwenda na hamsini kurudi, jozi mbili za viatu zikaisha soli. Nyumbani nilihamia sahani ya watoto, ile yenye picha ya bata, na mume wangu akawa ananiuliza kama bata ameshiba. Nilianguka pia. Kuna wiki ya msiba wa jirani nilikula kila kilichopita mbele yangu, na kuna siku niliyokula keki nzima ya bosi kabla hajaja kuikata. Kila nilipoanguka niliamka Jumatatu, nikapanda, nikasoma, nikaandika aibu yangu, nikaendelea. Hilo najisifu, hata kama mengine yote katika hadithi hii ni ya kunifedhehesha.

Dada ni fundi cherehani, na ugonjwa haukumwondoa kwenye cherehani yake. Magauni yalipoanza kunipwaya nilimpelekea ayapunguze. Alinizungushia futi kiunoni, pini mdomoni, uso umevimba kwa maji ambayo mwili wake haukuweza kuyatoa.

"Umefika ngapi sasa?" aliuliza, mara ya mwisho hiyo, gauni la nne.

"Tisini na sita. Bado sita."

Alichomeka pini. "Sawa," akasema.

Nilipotoka pale nilijisikia vibaya kwa sababu ya uso wake, na chini ya ubaya huo palikuwa na kitu kingine, kitu kilichotulia. Bado sita. Sita ni miezi miwili, mitatu. Hakuna kisu wiki hii.

Sasa nifike Alhamisi ile. Kiongozi wa wapagazi wetu tunamwita Winchi, mwembamba kama ufito lakini anabeba magunia mawili kwa pamoja. Saa tano asubuhi, malori yamechelewa, wenzake wakamtania kwamba ameanza kuota kitambi. Akaruka juu ya chaga.

"Mama Mizani, niamulie hawa. Nina ngapi?"

Nikasogeza jiwe bila kufikiri. "Sabini na tano. Toa tisa. Sitini na sita."

Wenzake wakacheka, Winchi akajipiga tumbo, akashuka, wakaenda zao kivulini. Mimi nilibaki nimeshika jiwe la mizani. Nilisikia sauti yangu mwenyewe masikioni, toa tisa.

Mimi mwenyewe sikuwahi kujitolea zile tisa za chaga.

Kinyozi hajinyoi, nilijua methali hiyo tangu utoto. Nilifungua daftari. Tisini na sita, toa tisa, themanini na saba. Nikarudi nyuma. Tisini na saba. Tisini na nane. Nikatafuta Jumatatu niliyosoma tisini na tisa, maana hiyo ndiyo tisini kamili, nikaipata. Wiki kumi na moja zilizopita. Kwa wiki kumi na moja nilikuwa nimefika, na dada alikuwa amefungwa kwenye ile mashine mara thelathini na tatu bila sababu.

Mtu angedhani nilifurahi. Niliogopa mpaka nikakaa juu ya gunia. Niliogopa kama siku niliyokabidhiwa bangili. Hapakuwa tena na kilo kati yangu na kile chumba. Na nilijiuliza swali ambalo mpaka leo silipendi: karani wa miaka kumi na minne anasahauje chaga iliyo chini ya miguu yake? Kila mzigo wa watu nimeutolea. Wa kwangu peke yangu, Jumatatu baada ya Jumatatu, nimeuandika na mbao zake. Sikujua, naapa. Lakini mwoga aliyemo ndani yangu alijua hesabu vizuri sana.

Na mwoga huyo akaanza kuongea. Hakuna aliyejua, akasema. Daftari ni lako. Sema bado sita, useme bado tano, nani atakupinga? Labda itapatikana figo nyingine. Nikamjibu kwamba labda dada atakufa. Akaniambia nina njaa.

Ni kweli, nilikuwa na njaa ya ghafla, njaa ya kutokwa na jasho. Nilimwomba ruhusa bosi, nikasema naumwa, na sikudanganya. Alhamisi ni siku ya mashine ya dada. Hospitali ni dakika ishirini kwa miguu, na njiani kuna duka la mikate. Miguu iliingia yenyewe. Nilinunua mkate mkubwa, wa moto, nikauweka mkobani, na nilipofika kwenye geti la hospitali nilikuwa nimeshaubana kwa mkono mpaka umepasuka. Nilisimama pale ukutani na kipande mkononi. Nilijua kabisa ninachofanya. Wiki mbili za mkate na ningekuwa salama tena, tisini na tatu za kweli, na uongo wangu ungekuwa ukweli.

Nilikirudisha kipande mkobani. Sikukirudisha kwa ushujaa. Harufu ya dawa ilitoka getini ikanichafua tumbo, basi.

Dada alikuwa kitanda cha dirishani, mirija miwili myekundu mkononi, miwani puani, anapinda ukosi wa shati kwa mkono mmoja uliokuwa huru. Alinitazama mara moja tu.

"Umetembea juani bila mtandio. Kuna nini?"

Nilivuta kiti. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yakanikimbia yote. "Dada, nina themanini na saba. Nimekuwa chini ya tisini wiki kumi na moja. Nilikuwa najipima na chaga."

Mashine ilizungusha damu yake. Nikaendelea kwa sababu nilishindwa kunyamaza. "Na zile mara mbili za kwanza, haikuwa tamaa. Nilikuwa naogopa. Kila tarehe ikipangwa namwona mama. Nisamehe."

Dada alichoma sindano kwenye ukosi, akaiacha pale. "Gauni la kijani," akasema.

"Nini?"

"Lile la pili. Nilipolipunguza kiuno nilijua umefika. Nimekushonea tangu ukiwa binti, unadhani futi yangu haijui mwili wako? La tatu likanihakikishia. La nne nililipunguza huku nacheka moyoni, unaniambia bado sita, na mimi nimeshika kitambaa cha kutosha kushona mto."

"Ulijua. Umelala hapa mara thelathini na tatu na ulijua."

"Mwenye macho haambiwi tazama."

"Mbona hukusema? Dada, ungekufa. Ungekufa umenyamaza na pini mdomoni?"

Alivua miwani. Bila miwani alifanana na mama kiasi kwamba nilitaka kuangalia pembeni.

"Mama hakutaka kwenda," akasema. "Mimi ndiye niliyemsukuma. Wiki nzima nilimwambia usiwe mtoto, ni kitu kidogo. Alivaa viatu kwa ajili yangu." Akavuta pumzi. "Siwezi kumsukuma mtu mwingine kwenye mlango ule. Nikasema ukija, utakuja kwa miguu yako. Usipokuja, basi, umenipa ulichoweza. Naogopa kufa, mdogo wangu, usidhani siogopi. Lakini naogopa zaidi kurudishiwa wewe ndani ya shuka."

Nililia, naye akalia, na mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukuta kwa adabu. Baadaye dada alinusa hewa.

"Umeleta mkate."

"Ni wangu."

"Najua ni wako." Hakuunyooshea mkono. "Bado nusu saa nifunguliwe. Mizani iko pale koridoni, muuguzi ni yule yule. Nenda au usiende. Sitasema neno."

Kutoka kitanda kile hadi koridoni ni hatua kama ishirini. Nilizihesabu, na katika kila moja nilitamani kitu kinizuie, hata tetemeko la ardhi. Benchi lilikuwa limejaa. Nilivua viatu, nikaweka mkoba sakafuni, nikahakikisha kwa macho yangu kwamba chini ya miguu hapana mbao wala kitu, nikapanda. Magoti yalicheza mpaka mshale nao ukacheza.

"Tulia, mama," muuguzi akasema. "Usiposimama sitaweza kusoma."

Nikakaza macho ukutani. Nikatulia kadiri nilivyoweza.

"Themanini na saba na nusu," akatangaza, na benchi zima likanitazama kama zamani. Akafungua faili langu, akaangalia namba za nyuma, akaniangalia mimi. "Umefika. Nimpigie daktari sasa hivi, au unataka uje wiki ijayo ukiwa umejiandaa?"

Harufu ya mkate ilikuwa inapanda kutoka mkobani. Nilikuwa naogopa kuliko siku zote za maisha yangu.

"Sasa hivi," nikamwambia. "Kabla sijala."