Ndeke za Nzilo

Ukoo wa Swedi ulikuwa wa wachukuzi tangu babu zao walipotoka Kasongo: malori, mahindi, samaki wakavu mpaka Dilolo. Yeye akanunua boti ya injini ili awapeleke wazungu wa Kolwezi kutazama ndege. Ndugu zake walicheka mpaka mbavu zikawauma. Mtu mzima na akili zake anawavusha watu ziwa la Nzilo hadi kisiwa cha matete, wanakaa kimya asubuhi nzima, kisha wanarudi na furaha tele, na hawajabeba hata samaki mmoja!

Zena, mkewe, alicheka nao mwanzoni. Halafu mwaka mmoja alipanda boti pamoja na wageni, mwezi wa tatu, wakati korongo weupe wanapokusanyika ili warudi Ulaya. Aliwaona mamia kwa mamia, wamesimama juu ya miti iliyokufia majini. Akamwona na mumewe akiwaonyesha wageni kwa kidole, sauti ya chini, uso umemng'aa kama bwana harusi. Tangu siku hiyo hakucheka tena. Alizidi kumpenda, basi.

Mwaka wa 1977 wageni hawakuja. Vita viliingia kutoka Angola, Dilolo ikaanguka, Mutshatsha nayo ikaanguka, na wazungu wengi wa Kolwezi wakafunga mizigo. Madame mmoja, mke wa injinia, ambaye hakuwahi kukosa safari, alimwachia Swedi darubini yake na ombi moja tu: amwangalizie korongo wataondoka lini. Swedi akaahidi. Mjini askari walijaa kila kona, na ndege za jeshi zilishuka na kupaa mchana kutwa zikileta msaada kutoka nje, lakini yeye alikuwa ameahidi.

"Tata, acha kwanza," Zena alimwambia mumewe. "Bantu banaogopa sana hizi siku."

"Mi nilisha kuahidi. Na ndeke yenyewe haijue vita."

Akaenda peke yake. Alirudi mchana katikati ya askari, mdomo umevimba, darubini ikining'inia shingoni mwa ajida, mkubwa wao. Wakamsimamisha kando ya lori na kupekua nyumba. Walikuwa wakitafuta redio ya kusemea na adui. Waligeuza magodoro, wakamwaga unga, wakachungulia mpaka ndani ya sufuria. Hawakupata kitu. Ajida alikuwa amechoka, jua lilikuwa kali, na Zena aliona kabisa kwamba mtu huyu anatafuta njia ya kumaliza kazi aende akale. Moyo wake ukaanza kushuka mahali pake.

"Mama," ajida akamuuliza, karibu kwa upole, "bwana yako anaenda kufanya nini kule na hii jumelles?"

Swedi alifungua mdomo. Askari mmoja akampiga kiwiko.

Zena akajibu mbio, kwa furaha ya mtu anayejua ukweli uko upande wake. "Anaendaka kuangalia ndeke, chef. Ndeke tu."

"Ndeke gani?"

"Zile zenye zinatokaka ku Poto, kwa bazungu. Anazijua zote! Anajua fasi yenye zinashukaka, anajua na siku yenye zitaondoka."

"Na anaambia nani?"

"Bazungu. Madame moja ndiye alimutuma."

Ajida aliigeuza darubini kifuani. Zena, masikini, alidhani amemvutia. Kumbe wiki nzima hiyo, pale Kolwezi, hakuna mtu aliyesema ndeke akimaanisha kiumbe chenye kiota.

"Mumesikia?" ajida akawaambia wenzake. "Mwanamke wake mwenyewe amesema. Huyu anapeleleza ndeke za jeshi."

Hapo ndipo Zena alipolisikia neno lake mwenyewe.

"Hapana, chef! Ndeke ya mabawa!"

"Hata ile iko na mabawa, mama."

"Ya manyoya! Yenye kulaka panzi!"

Askari wakaangua kicheko. Swedi akasukumwa juu ya lori. Zena akakimbia mbele ya ajida na, bila aibu, mbele ya mtaa mzima, akaanza kupiga mikono yake juu na chini, kitenge kikimwanguka, akirukaruka kama kuku aliyekoswa na mwewe. Walicheka zaidi. Injini ikawashwa.

"Zena," Swedi aliita kutoka juu ya lori, sauti ya chini, ile aliyowasemeshea wageni. "Korongo hapigake mabawa vile. Ananyoosha tu, upepo unamubeba."

Hakurudi. Zena alipita kila kambi na kila ofisi, akieleza neno moja lilelile kwa watu waliokuwa na haraka, na kila mmoja alimwelekeza kwa mwingine, mpaka sauti ikamkauka na hasira ikamwisha, ikabaki huzuni. Ulimi wake ndio uliomponza mume wake, na alikuwa ameusukuma kwa mapenzi. Hilo halina dawa.

Lakini mchana ule alikuwa bado hajajua. Alisimama katikati ya barabara, ndani ya vumbi na moshi wa lori, akanyoosha mikono yote miwili na kuituliza kabisa, kama alivyofundishwa, ili ajida ageuke nyuma, aone, aelewe. Aliyegeuka alikuwa Swedi peke yake.